Vidonge Ishirini vya Bibi Kadogo

Jumatatu, 3 Machi

Hapa Kasongo mfungo umeanza jana. Joto. Nimehesabu tena: ishirini.

Jana asubuhi ishirini. Jana jioni ishirini. Vidonge vya Bibi vya tansio, yaani presha ya damu, viko juu ya kabati, kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga, plaketi mbili za vidonge kumi kumi. Aliambiwa ameze kimoja kila siku. Hakuna hata kimoja kilichotoka. Mimi si mjinga. Nina shahada ya hesabu kutoka Kindu. Ishirini kutoa sifuri ni ishirini.

Kwa hiyo Bibi amefunga chakula, na dawa ameifunga pia.

Naogopa. Mwaka jana dada yake aliacha vidonge vilevile kwa sababu alijisikia mzima. Siku ya arobaini akaanguka jikoni, upande mmoja umekufa. Hakusema neno tena, na mvua zilipoanza tulikuwa tumeshamzika. Huyu ndiye amebaki. Amenilea tangu nina miaka minne. Jina lake ni Kadogo, ingawa mwili wake haujapata habari hiyo. Sitamzika kwa ajili ya kidonge.

Ningeweza kumuuliza Falone. Falone ni binti wa mjomba, muuguzi kwenye kituo cha afya. Cheti cha A2 tu, cha sekondari! Lakini familia nzima inamsikiliza kana kwamba moyo wa binadamu aliugundua yeye. Mimi nikizungumza, wanatafuta viatu vyao.

Sitamuuliza. Nitalimaliza jambo hili mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Njia ya kwanza: hoja.

Baada ya adhuhuri nilimwonyesha Bibi mchoro. Mshipa, moyo, mstari wa tansio unaopanda. Rangi mbili. Mwishoni nikauliza wazi: anameza au hamezi? Aliutazama kwa makini, akasema mto Lualaba nimeuchora vizuri, lakini mitumbwi iko wapi? Nikarudia swali. Akajibu kwamba mambo ya mwili wake yako kati yake na Mungu na muuguzi, na kwamba mtu aliyefunga haulizwi anachomeza. "Weye mutoto, masomo imekupa macho ya kuchungulia tu." Kisha akajifunga kitenge upya, akakaza lile fundo la pembeni anamofichaga vitu vyake, akaenda kupepeta mchele.

Hakukubali. Hakukana. Nimelichambua jibu lake kwa saa tatu. Mtu anayemeza dawa angesema ndiyo.

Jioni: ishirini.

Jumatano, 5 Machi

Njia ya pili: uji.

Bibi hufungua kinywa kwa uji wa mchele, na mpishi ni mimi. Saa kumi na moja nilitoa kidonge kimoja kwenye kopo. Nikakisaga kati ya vijiko viwili, nikakikoroga kwenye bakuli lake. Ili nisichanganye, nilichagua bakuli la maua ya kijani, zuri kuliko yote nyumbani, ambalo mjomba alilileta kutoka Salamabila. Bakuli bora kwa mtu ninayempenda. Nilifurahia mantiki hiyo.

Upumbavu mtupu! Miaka ishirini na sita katika mtaa huu, na nimesahau kwamba wakati wa mfungo bakuli zuri haliliwi nyumbani. Kila nyumba inapelekea jirani futari, na hakuna mama anayetoa nje bakuli lililomeguka ukingo. Nilikwenda kuchota maji. Niliporudi, adhana ilikuwa imeshalia na maua ya kijani yalikuwa yameshavuka uzio. Yako kwa Mzee Atumani, mwadhini wetu. Miaka sabini na minane. Kilo arobaini labda, pamoja na kanzu.

Nilikimbia bila kandambili. Nikamkuta mkekani, anapangusa bakuli kwa kidole. Akasema uji ulikuwa mtamu, ila mwishoni una uchungu kidogo, labda mchele wa zamani. Nilikaa. Nilitaka kuona kama atasinzia, ataanguka, ataacha kupumua. Nilimkodolea macho na kuhesabu pumzi zake.

Yeye akaelewa vingine. Akaanza kumsifu Djuma, mpwa wake, anayeleta samaki kutoka Nyangwe kwa pikipiki. Kijana mtulivu. Hajaoa. Kila nilipouliza kama anajisikia vizuri, alitabasamu na kusema msichana mwenye huruma ni baraka kwa ukoo wowote.

Wakati wa isha alisimama, akayumba, akashika mlango. Moyo wangu ukasimama naye. Nikamfuata mpaka msikitini. Nilisikiliza adhana ile neno kwa neno, na kila alipovuta pumzi nilisubiri ukimya. Aliimaliza. Alhamdulillahi.

Kumi na tisa.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee Atumani yu hai. Aliadhini alfajiri, nami nikalia kidogo.

Bakuli la maua ya kijani limerudi na samaki watatu ndani. Aliyelileta ni Djuma mwenyewe, shati limepigwa pasi. Hakunitazama. Alimtazama Bibi, na Bibi akanitazama mimi muda mrefu. Sina nafasi ya mambo hayo.

Marekebisho: leo uji wa Bibi nimeuweka kwenye bakuli la bati lililobonyea, ambalo hata mbuzi angeona haya kulipokea. Kidonge kimoja ndani. Adhana ilipolia Bibi akageukia ukuta, kama anavyofanya kila jioni anapofungua, akanywa maji yake, kisha uji. Wote! Mpaka chini!

Kumi na nane. Ushindi. Falone alisomea kazi hii miaka minne. Mimi nimetumia siku mbili na vijiko viwili.

Ijumaa, 7 Machi

Kidonge kingine. Kumi na saba. Lakini sina raha.

Bibi ameamka amechoka. Vifundo vya miguu vimevimba, na aliposimama kutoka kwenye sijda akasema dunia inazunguka. Akacheka, akasema labda Mungu anaigeuza aone upande wa pili. Mimi sikucheka. Dada yake naye alilalamika kizunguzungu wiki ya mwisho.

Falone alipita alasiri. Akaniambia, "Yaya," kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa, "umekonda, hesabu itakumaliza." Akauliza Bibi anaendeleaje. Hapo hapo, kinywa changu kilikuwa wazi, na kilichotoka ni: hajambo. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa amevaa lile koti jeupe mtaani, kwa makusudi. Akasema Jumatatu Bibi aende kupimwa. Jumatatu ni mbali.

Nimefikiri. Kizunguzungu maana yake tansio imepanda. Imepanda kwa sababu Bibi aliruka siku nne, Jumapili mpaka Jumatano. Pengo lazima lizibwe. Kesho vidonge viwili.

Nimeirudia hesabu mara tatu. Haina kosa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwenye benchi la kituo cha afya. Mwandiko si wangu.

Vidonge viwili. Alimaliza uji, akakaa kidogo, akasimama kwenda kuswali, na hakufika kwenye mkeka. Alishuka taratibu kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Nilimwita. Alijibu kwa sauti ya mtu aliye chumba cha tatu. Mzee Atumani alisikia kelele, Djuma akaja na pikipiki. Tulimweka Bibi katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na njia nzima nilikuwa nikisikiliza kama bado anapumua. Mzee Atumani alitufuata kwa baiskeli.

Falone alimpima. Akapima tena mkono wa pili. Tisa kwa tano, yaani tisini kwa hamsini. Imeshuka! Nilimwambia mashine yake ni mbovu. Alimlaza Bibi, akainua miguu yake juu ya mto, akamtundikia maji, na mikono yake haikutetemeka hata mara moja. Niliona.

Muuguzi mkuu, Papa Gérard, akaja. Akasema ni wazi, mwili uliofunga haukubali dawa hii tena. Ikatwe. Akachukua fomu ya Bibi na kuanza kuandika kwamba asimeze kabisa kuanzia leo.

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nikaelewa jambo lote mara moja. Nikinyamaza, Bibi ataamka kesho, atarudi nyumbani, hakuna atakayejua. Na dawa itakatwa. Na tansio itapanda polepole bila kelele, siku ya kumi, siku ya ishirini, mpaka siku ya arobaini. Nikisema, Falone atajua.

Naona aibu kuandika kwamba niliyapima mambo hayo mawili. Kalamu ya Papa Gérard ilikuwa imefika mstari wa pili.

Nikasema ni mimi.

Falone akageuka. Akauliza ni mimi nimefanya nini. Nikasema viwili leo, kimoja jana, kimoja juzi, vyote kwenye uji, na kimoja Jumatano, lakini hicho alikinywa Mzee Atumani.

Mzee Atumani, aliyekuwa mlangoni, akatafuta kiti.

Nikajitetea. Nikasema kopo halikuwa likipungua, Bibi alikuwa ameacha dawa, mtu angefanya nini? Bibi akafungua jicho moja. Mkono wake ukatambaa mpaka kwenye pembe ya kitenge, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na plaketi ya tatu. Matundu saba matupu, vidonge vitatu vimebaki. Falone alimpa plaketi tatu kabla ya mfungo, na wote wawili na Papa Gérard walikubaliana: kimoja kila jioni na maji ya kwanza ya futari, saa ileile, na kupimwa kila wiki. Bibi alikuwa akimeza mbele ya macho yangu, akiwa amegeukia ukuta.

Saba. Sikuhesabu fundo.

Papa Gérard akakata alichoandika, mstari kwa mstari. Akasema dawa haina kosa, itaendelea, ila atampima kwanza ndipo aseme lini. Kisha akaenda kumpima Mzee Atumani, ambaye alikuwa akiuliza uji wa siku ile ulikuwa na nini kingine.

Jumapili, 9 Machi

Bibi amerudi. Kumi na moja kwa saba. Leo hamezi, kwa amri ya Papa Gérard, na hafungi mpaka atakaporuhusiwa. Kwa sababu yangu siku zake za mfungo zimekatika. Atazilipa baadaye. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya.

Falone alinigombeza kwa niaba ya wote. Nikalala kifudifudi juu ya kitanda, naye akazungumza na mgongo wangu. Kidonge hakisagwi na kufichwa kwenye chakula cha mtu. Kilichorukwa hakiongezwi juu ya cha kesho. Kizunguzungu kinakuja tansio ikipanda na kinakuja ikishuka, ndiyo maana kuna mashine, yaya, mashine! Asiyejua anauliza. Hata mwenye shahada. Hasa mwenye shahada.

Baadaye Bibi aliniita. Akasema alificha vidonge kwa sababu majirani wakijua tansio yake watamkataza kufunga, na yeye anataka kufunga maadamu mwili unaruhusu. Akasema Jumanne ningekaa tu karibu naye na kuuliza, bila Lualaba ya rangi mbili, angenionyesha fundo.

Falone amenipa karatasi yenye miraba. Bibi atameza mbele yangu, mimi nitatia alama. Nimeapa mbele ya Bibi na Falone, Mzee Atumani akiwa shahidi kwa ombi lake mwenyewe: sitagusa kidonge cha mtu tena maisha yangu yote.

Jumatano, 12 Machi

Mambo mazuri. Bibi ameanza tena kumeza tangu juzi. Leo kumi na tatu kwa nane. Miraba mitatu, alama tatu. Mimi ni mtu mpya.

Jambo moja dogo. Falone alipokuwa akiondoka mchana alimwambia Bibi apunguze chumvi. Bibi akasema ndiyo, ndiyo, mama. Lango lilipofungwa nikamwona anatia konzi nzima kwenye sufuria ya samaki!

Nimefikiri. Niliapa kuhusu vidonge. Chumvi si kidonge. Na kumuuliza kuna faida gani? Ameshasema ndiyo.

Kwa hiyo alipokwenda kuoga nilimwaga mchuzi ule, nikapika mwingine wa samaki walewale, bila chembe. Chumvi yote ya nyumba hii, ya koponi, ya mfukoni na ile iliyokuwa chini ya kitanda, nimeifunga kwenye pembe ya kitenge changu. Fundo kubwa kama ngumi. Hatagundua. Ulimi unazoea taratibu, nimesoma mahali.

Kwa kuwa hafungi, Bibi ana nguvu za kuwapikia wanaofunga. Mabakuli sita ya mchuzi ule yametoka jioni hii kwenda nyumba sita, la maua ya kijani likitangulia. Hilo sikulikumbuka mapema.

Adhana imelia robo saa iliyopita. Sasa kuna hodi. Nachungulia. Mzee Atumani yuko mlangoni na bakuli la maua ya kijani, limejaa vilevile lilivyokwenda. Djuma yuko nyuma yake. Nyuma ya Djuma, koti jeupe. Mzee anasema ameonja, ladha si ya kawaida, na hamezi tena hata tone mpaka mimi, Faridah, nije kula mbele yake.

Bibi naye ameonja. Sasa ananiita, kwa sauti tamu isiyo ya kawaida, anasema nilete chumvi.

Nimekaza fundo. Nimejibu kwamba imekwisha sokoni.