Malalamiko Juu ya Dawa ya Ganzi Aliyopewa Damari

Ilomba, Mbeya
12 Juni 1957

Kwa Bibi Mkunga Mkuu, Wodi ya Wazazi.

Baada ya heshima na salamu nyingi, mimi ni mjomba wake Damari, yule aliyejifungua kwako Alhamisi mtoto mkubwa, akachanika chini, mkamshona. Kwa kushona sina neno. Neno langu ni ile dawa ya ganzi mliyomchoma kwanza, kisha mkampa na kikopo cha kupaka nyumbani.

1. Hakulia. Mimi huko Chunya jiwe lilinipasua paja, dresa, yule mfunga vidonda, akanishona kwa uzi wa magunia, nami nala ugali. Sasa kila mtu awe shujaa kama mimi, hivi hivi tu?

2. Jumatatu alirudi, wageni wakaja na ndizi na maziwa kumpa pole ya uchungu. Wakamkuta ameketi kigodani, makalio yote mawili, anacheka! Jirani yetu Rozalia akamwuliza mbele za watu, "We mama, huyu umemzaa au umemwokota Chimala sokoni?" Pole yake akaondoka nayo, na mkungu wa ndizi pia.

3. Maumivu, Bibi, hayafi. Ni kama panya, ukiyafukuza nyumba hii yanahamia ile. Yametoka kwa Damari, na tangu Jumatatu hiyo hiyo kiuno changu chaniuma. Yangekwenda kwa nani kama si kwa mjomba?

4. Wake zetu wamesikia. Kesho watataka ganzi ya kulimia, keshokutwa ganzi ya kusikilizia maneno ya waume. Mwisho mtu atakwenda bomani kuhukumiwa naye amejipaka masikioni, kifungo chake mwenyewe asikisikie. Serikali itakuwa wapi?

Kwa hiyo naomba kwa adabu dawa hiyo ikomeshwe, au tupewe wanaume peke yetu, maana sisi tumezoea kuvumilia.

Nisalimie wauguzi wote, na mpishi, na yule mzee wa mlangoni aliyeninyang'anya kiko.

Ni mimi, mtu wa kushonwa bila kupepesa,
Jailos, mjomba wa Damari

N.B. Nilipokwisha kutia sahihi nimeambiwa kikopo kimekwisha. Damari hawezi kuketi. Anamnyonyesha mtoto amesimama, ameshika nguzo, machozi yanamdondokea mtoto usoni. Anasema ni moshi. Jikoni hakuna moto. Bibi, nimekuja mbio kwa baiskeli. Barua utaisoma baadaye, mimi niko hapa dirishani, nipe kwanza vikopo viwili.