Maji Yamelala, Yasiamshwe

Jumatatu, 8 Juni
Nimehamishwa kutoka chumba cha kupuliza rangi kwenda kwenye matangi ya majitaka. Meneja kasema ni heshima. Heshima yenye harufu! Ila cheo cha msimamizi wa matangi kiko wazi, na mkaguzi anakuja Alhamisi. Atakayemridhisha ndiye atakayekipata. Mpinzani ni mmoja tu: shemeji, kaka wa mke wangu, mtu wa kupimapima. Mke wangu kaniambia nisimwonee kaka yake wivu. Wivu? Mimi? Namtakia kila la heri, hukohuko chini yangu.

Jumanne, 9 Juni
Shemeji katia dawa kwenye tangi kubwa, kakoroga kidogo, kazima mashine, kaenda zake. Kazi gani hiyo! Kabandika karatasi: MAJI YAMELALA, YASIAMSHWE. Nikang'amua mara moja. Ananisema kwa mafumbo, kwa kuwa jana nilisinzia kidogo juu ya pipa. Na maji yenyewe kweli yalikuwa yamezubaa: mazito chini, meupe juu. Kwangu hakuna kulala kazini. Nikawasha mashine mpaka mwisho. Yakaamka! Buluu tupu, yakaruka, yakanipaka na mimi. Nilipendeza.

Jumatano, 10 Juni
Kumbe inayolala ni rangi! Dawa huigandisha, ikazama ikawa tope, maji safi yakabaki juu. Shemeji kanieleza polepole, kama anamfundisha mtoto kuvaa viatu. Niliogopa kwelikweli. Mkaguzi akikuta buluu, kiwanda kinafungwa! Shemeji hakunichongea kwa meneja. Katia dawa upya, kaketi kulilinda tangi. Mimi kanituma mbali. Nyumbani mke wangu kanicheka mpaka kakaa chini. Masikio yangu bado ya buluu. Nikacheka naye.

Alhamisi, 11 Juni
Mkaguzi kainua chupa kwenye mwanga. Maji meupe pe! Nilishangilia kuliko wote. Shemeji ndiye msimamizi, na kaomba niwe msaidizi wake. Mtu mwema sana. Ila msahaulifu! Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mkaguzi kwamba maji ya rangi lazima yasafishwe vizuri kabla ya kumwagwa. Yasafishwe! Na siku zote hizi sijamwona na hata kipande cha sabuni. Nimeshanunua magunia mawili ya sabuni ya unga, ile yenye povu jingi. Kesho nitawahi kabla yake, nimshangaze.