Baridi ya Meru kwenye Viroba

Siku Bi Mwamvua aliponung'unika kwamba nyumba ni yake lakini chumba cha juu amekiachia jua, na kwamba angempa laki tatu taslimu yeyote wa kulitoa, Khalfani aliweka sawa kola ya shati. Chumba hicho alikipanga yeye, kwa bei ya kutupa, kwa sababu kila saa saba mchana mabati yalimkaanga. Lakini mtoto wa mjini, leo dalali wa viwanja hewa Olasiti, kesho mganga wa kwenye simu, ataziachaje laki tatu zilale?

Akaeleza kwa upole wa mhubiri kwamba juu kule Meru iko miti iliyozaliwa ndani ya ukungu, haijawahi kuonana na jua. Maranda yake yakiwekwa darini hutoa baridi miaka saba.

"Na wa nane?" aliuliza Bi Mwamvua.

"Wa nane ni wa kujaribu bahati, mama."

Viroba ishirini alivijaza maranda kwa Lesikar, seremala wa mtaa wa nyuma, aliyefurahi kufagiliwa karakana bure. Akavipandisha darini huku akitetemesha meno, akapokea chake. Kufukuzwa ili mwenye nyumba akitwae chumba kilichopoa hakukuogopa hata kidogo, maana alijua dawa yake haifanyi kazi.

Kesho yake saa saba alijilaza akisubiri kukaangwa. Hakukaangwa. Saa nane akajifunika shuka, na hapo ndipo hofu ilipomwingia. Miaka yote mjini, hakuwahi kuuza kitu cha kweli.

Bi Mwamvua alipanda kumjulia hali, akaketi kitandani, akasinzia. Siku ya pili alipanda na mswala. Ya tatu, na kabati.

Khalfani akaona aitumie njia asiyoizoea. "Shikamoo mama. Nilikudanganya. Yale ni maranda tu, ya Lesikar."

"Marahaba mwanangu. Mbona unatokwa jasho kwenye chumba chenye baridi? Sema tu hutaki kuhama."

Akamkimbilia Lesikar aje kushuhudia. Lesikar alikuja amevaa koti zito, akaapa kwamba ni miti ya Meru yenyewe. Nyuma yake majirani wanne walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na kiroba kitupu mkononi.

Khalfani akahama, akapata chumba Olasiti, mabati matupu juu. Alivumilia wiki moja, akarudi karakana kuuliza bei ya kiroba.

"Elfu kumi na tano," alisema Lesikar. "Miaka saba."

"Na wa nane?"

"Wa kujaribu bahati."

Khalfani akatoa pesa.