Nilivyosogeza Mpaka wa Bwire kwa Kalamu Isiyo na Wino

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Nagongera.

Nina miaka sabini na saba. Nimezika wake wawili, baiskeli tisa, serikali ambazo sizihesabu tena, na madaktari watatu walionikataza nyama ya kukaanga. Bado niko. Mimi Erastus Ochwo.

Naandika Kiswahili kwa sababu. Kidhopadhola, lugha yetu, hapa kila mtu anasoma. Kiingereza mjukuu wangu Aboth anasoma. Kiswahili nilikiokota Busia mpakani, miaka thelathini nikivusha watu na magunia kwa baiskeli. (Anayesema boda boda ilianzishwa na mtu mwingine ni mwongo. Nilikuwepo. Nilikuwa wa kwanza.) Kwa hiyo yaliyomo humu ni yangu peke yangu. Shule nilifika darasa la tatu. La nne nililichungulia dirishani, sikuona jipya.

Leo mwenyekiti wa kijiji, Mama Akello, kapita. Kasema Jumamosi wazee wanakuja kupanda mikonge mipya ya mpaka kati yangu na jirani yangu Bwire. Ile ya zamani iliisha kwa mbuzi na ubishi. Kasema ikishapandwa hii, asisikie neno tena kutoka kwetu mpaka kufa. Kila mtu alete ushahidi wake.

Ubishi wenyewe ni mti mmoja wa ovakado. Unasimama katikati. Mimi nasema wangu. Bwire anasema wake. Miaka kumi na moja! Na mti unazaa kama una hasira.

Ushahidi sina. Waliojua wamekufa wote. Bila msaada wangu.

Saa kumi nimemkuta Aboth amekalia kigoda, tableti magotini, anachora kwa kalamu isiyo na wino. Ana miaka ishirini na tatu, amesoma, na anatengeneza mchezo wa simu kwa mashindano ya Kampala. Bata mzinga kapoteza vifaranga, anapita kijiji kizima kuwatafuta. Nikachungulia. Kijiji chenyewe ni chetu! Kimechorwa kutoka juu, anavyoona mwewe.

Nani huchora kutoka juu? Wapima ardhi tu.

Nikaiona nyumba yangu. Nikaiona ya Bwire. Zimefanana bati kwa bati, dirisha kwa dirisha, jiko kwa jiko! Nikamuuliza amethubutu vipi. Akacheka, akasema, "Kwara," maana ndivyo anavyoniita mimi babu yake, "unachora nyumba moja vizuri, halafu unairudia popote unapotaka. Mwalimu ndivyo anafundisha." Nyumba niliyoijenga kwa jasho la mpakani, Bwire anarudiwa bure. Yangu nimeijua kwa jambo moja tu: iko kushoto. Ya Bwire kulia. Katikati ovakado, na mstari wa mikonge.

Mstari! Nimeuangalia mpaka uji ukapoa.

Jumanne, 5 Agosti

Huyo mwalimu nimemchunguza. Anaitwa Nashon. Anakaa Busia, upande wa Kenya. Anaongea ndani ya simu, na Aboth anamsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Anafundisha bure. Bure! Mtu anayetoa ujuzi bure ana kitu anatafuta.

Nimesikiliza somo zima nikijifanya nachambua maharage. Anasema usichore vitu vyote kwenye karatasi moja. Ardhi iwe tabaka la chini, miti tabaka la pili, watu la tatu. Ukitaka, unalifumba tabaka la watu kama unavyofumba jicho. Watu wanapotea, ardhi inabaki. Nimeshtuka. Huo ndio wizi wa mashamba ninaoujua tangu ujana, ila sasa umepewa kalamu.

Anasema pia jua litoke upande mmoja, vivuli vyote vilale upande mmoja. Kwa Aboth jua linatokea kwangu. Hilo nimelikubali. Kisha nikaona kivuli cha ovakado kimelala kwa Bwire. Hilo nimelikataa.

Anasema mtu uliyemchora vizuri hujulikana hata akipakwa weusi mtupu. Aboth kampaka Bwire weusi, nikamjua pale pale: tumbo. Kanipaka mimi. Nimejulikana kwa kofia. Nilitegemea kifua.

Na kuna mshale mdogo unaorudi nyuma. Ukikosea unaugusa, kosa halipo tena. Nimemkumbuka marehemu mke wangu wa pili, na neno nililomwambia siku ya harusi ya dada yake. Basi.

Mchana Bwire kaja na ovakado nne, eti za Aboth. Zangu hizo! Anamhonga mjukuu wangu kwa mali yangu mwenyewe. Kakaa, kasifia picha, kasema bata mzinga akitembea kichwa kinatangulia, miguu inafuata. Aboth karekebisha palepale, kamshukuru. Nikamwambia Bwire naona siku hizi amekuwa fundi wa ndege. Akanijibu mimi je, fundi wa maharage? Nikatazama ungo. Nilikuwa natupa mazuri, naweka mabovu.

Lakini akili imekuja. Wazee wetu wanabisha na mtu, wanabisha na mti, wanabisha na Mungu. Karatasi ya mashine yenye rangi hawabishi nayo. Mstari ukisogea kwenye picha, umesogea duniani.

Jumatano, 6 Agosti

Busia. Nimevuka kwa miguu, kama zamani. Hakuna aliyenitambua. Wivu.

Nashon nimempata chumba cha nyuma cha duka la nafaka. Nilitegemea jambazi. Nimekuta kijana mwembamba, soksi moja nyekundu, moja ya bluu. Nimejiita Mzee Oundo. Nimemwambia nataka kujifunza kuchora malaika wa kanisani. Kaamini! Kaniletea chai. Sikuinywa mpaka alipoinywa yeye ya kwake.

Kanipa kalamu. Nikagonga kioo. Kasema, "Mzee Oundo, gusa, usigonge. Hapo si mlangoni." Nikagusa. Kisha kanifundisha maneno manne: zungushia, shika, sogeza, achia. Mara ya kwanza malaika alipoteza kichwa. Ya tano alipata viwili. Ya tisa akakaa sawa. Nashon kasema, "Mzee uko rada!" Sijui amenitukana au vipi. Nikamwambia na yeye pia.

Kasema kabla hujabadilisha kitu, weka kwanza nakala ya ile ya zamani. Hayo ni mambo ya waoga.

Wakati wa kuondoka kaniuliza namjua msichana mmoja wa Nagongera, Aboth, mwanafunzi wake hodari kuliko wote. Kasema akishinda Kampala, mikono ile itafika mbali. Nikasema jina hilo sijawahi kulisikia. Njia nzima nimejiuliza: amejuaje kuwa natoka Nagongera? Nikakumbuka nilimwambia mwenyewe. Alinitega.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku kubwa. Aboth kaenda sokoni, tableti kaiacha kwenye kiti, picha iko wazi. Nikafunga mlango. Nikamfukuza kuku. Kuku huyo ni wa Bwire.

Nimetazama. Ajabu: kanisa limehama. Juzi lilikuwa kulia, kupita kwa Bwire, linapokaa kweli. Leo liko mkono wa kushoto, upande wangu. Hata vivuli vimelala kinyume. Wasichana wa sasa hawajui mashariki. Sikugusa. Kanisa likiwa karibu nami ni heshima.

Zungushia, shika, sogeza, achia. Kwanza nimemweka bata mzinga juu ya bati. Mshale wa kurudi. Kisha nimekihamisha kisima. Mshale. Mara ya tatu mikonge yote imekuja mkononi kama mbuzi wa kamba moja. Nikaivuta kulia, ikaupita mti wa ovakado, ikafika mpaka dirisha la jiko la Bwire. Choo chake nacho kilikuwa kinaingia. Choo nikamwachia. Mimi si mnyama.

Nikahifadhi. Jasho mpaka kwenye soksi. Aliporudi Aboth nilikuwa nimelala kitini kama mtakatifu.

Ijumaa, 8 Agosti

Aboth kaenda Tororo kuchapisha picha zake kwa karatasi kubwa. Nimemwagiza moja ya kijiji, kwa ajili ya wazee. Nimempa masharti: iingie bahasha, ifungwe kwa gundi, asiione mtu njiani. Hata mimi nisiione. Watu wa Bwire wako kila mahali, wanaweza kuisoma usoni kwangu.

Kanitazama kwa muda. Macho yamejaa maji. Nikadhani moshi. Kaniuliza, "Kwara, una hakika?" Nikamwambia tangu nizaliwe sijawa na hakika namna hii. Kanishika mkono, kaenda.

Mtu hanishiki mkono bila sababu. Nitamchunguza.

Bahasha imefika. Nimeikalia. Chakula nimekula nikiwa nimeikalia. Bwire kapita, kauliza mbona leo nakula kitandani kama mzazi. Sikumjibu. Ushindi haujibu.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui niandike vipi. Nitaandika tu.

Wamekuja saa nne. Mama Akello, wazee watano, mikonge sita kwenye toroli. Bwire ushahidi wake ulikuwa mdomo, na mjomba wake Egesa, ambaye hasikii. Nikasimama. Nilisema vizuri sana. Nilisema mashine haina ukoo, haina jirani, haina tumbo. Nilisema kitakachoonekana humu nakipokea mpaka kaburini, na Bwire naye aape hivyo hivyo. Bwire akasita. Nikamlazimisha! Mimi mwenyewe! Akaapa.

Mama Akello akachana bahasha. Wazee wakainama. Mama Akello akatazama karatasi, akanitazama mimi, akaigeuzia kwangu.

Nyumba yangu kushoto. Ya Bwire kulia. Kanisa mahali pake. Na mikonge imesimama kwenye dirisha la jiko. Langu! Ovakado yote imebaki kwa Bwire, na hatua sita za ardhi yangu juu yake.

Nilitafuta mshale wa kurudi nyuma kwenye karatasi. Haupo.

Mama Akello akasema miaka yote ya uenyekiti hajaona mtu akileta ushahidi wa kujishinda mwenyewe, tena kwa gundi. Bwire akavua kofia. Mtu mzima, tumbo lote lile, analia. Akasema, "Ochwo ndugu yangu, miaka kumi na moja nimekuita mwizi. Hata jana nimekuita." Egesa akauliza nani kafa.

Nikamvuta Aboth kando. Nikamuuliza kwa ukali Alhamisi kanisa lilitafuta nini upande wangu. Kasema mwalimu anafundisha kuigeuza picha kama kwenye kioo, kushoto iwe kulia, maana jicho likizoea linaacha kuona makosa. Alikuwa ameigeuza, akaenda sokoni. Aliporudi akairudisha sawa, akaona mikonge imesogezwa. Akajua ni mkono wangu, maana nani mwingine angemweka kuku wa Bwire nje na kufunga mlango. Akadhani nimechoka kugombana. Akadhani nimempa Bwire mti kwa amani, na naona aibu kusema.

Kasema, "Nililia njia nzima ya Tororo, Kwara. Nimemwambia na Mama Akello."

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Neno lilikuwa kwenye ulimi: nilikuwa naiba, nimekosea upande. Ningelisema, labda mti ungerudi kwenye ubishi. Lakini Aboth alikuwa ananitazama. Hivyo sijatazamwa tangu bibi yake alipokuwa hai, na hata yeye ilikuwa kabla hajanijua vizuri.

Nikafunga mdomo. Nikafungua tena, nikasema ndiyo, nimeamua, mti ni wa Bwire.

Wakapiga makofi. Wakanipa jembe nichimbe shimo la kwanza, eti heshima. Nimechimba. Sasa nikifungua dirisha la jiko, mkonge unanichoma kiwiko.

Jumanne, 12 Agosti

Bwire kaleta beseni la ovakado. Nimempa paka kwanza. Paka kala, kaomba tena. Zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu kuliko zilivyokuwa zangu, na hilo nalo nalichunguza.

Habari zimeenea. Kuanzia kanisani mpaka relini naitwa mzee mkweli wa ramani. Asubuhi zimekuja nyumba mbili za kule ng'ambo ya reli. Zinagombania kijito. Zinataka mtu ambaye hawezi kudanganya awachoree. Nimekubali kabla hawajamaliza sentensi. Kati ya mashamba yao kuna kipande kizuri chenye migomba, kimelala tu, hakina mdomo wa kukitetea. Kwenye picha kinaweza kupata mwenyewe.

Makosa ya juma lililopita nimeyatafakari kama msomi. Kosa lilikuwa moja tu: sikuigeuza picha. Leo nimemwomba Aboth anionyeshe pa kugusa. Kafurahi, kanionyesha. Safari hii nikikuta picha, nitaigeuza kabla ya kusogeza chochote. Na kwa kuwa mara moja si salama, nitaigeuza mara mbili.

Haya niliyoandika ni kweli tupu. Anayebisha amuulize Mama Akello, ana muhuri. Amuulize Nashon wa Busia, ila aseme katumwa na Oundo. Egesa aulizwe kwa sauti kubwa. Bwire akiulizwa ataanza kulia na hatamaliza.

Aboth asiulizwe. Yeye anajua vile ninavyotaka ajue.