Nikiipeleka Kulia, Inakwenda Kushoto

Jumamosi, 4 Mei
Ndege imekamilika! Mabawa mekundu, rimoti mpya, meza ya chakula imejaa gundi. Jumapili ya tarehe 12 nairusha uwanjani mbele ya wakwe wote, nimfunge mdomo shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, daktari wa meno, na ndege yake hutua kama inakwenda kulala. Leo kaja bila kualikwa. Kaiinua yangu kwa vidole viwili chini ya mabawa. Mkia ukashuka pu! Kasema nyuma ni nzito, itaanguka. Kasema pia nitoe pangaboi la puani kwanza, nijaribu kila kitu hapa hapa chini. Mng'oa meno anifundishe mambo ya anga!

Jumapili, 5 Mei
Nimeiwasha sebuleni, pangaboi likiwa mahali pake. Kishikio cha mwendo kwenye rimoti nimekishusha chini kabisa, yaani zima. Lahaula! Mota ikapiga ukelele, ndege ikatimka juu ya meza, ikala pazia, ikageukia kochi. Baba mkwe alikuwa hapo anasoma gazeti. Akabaki na pembe mbili za gazeti mikononi, katikati hewa tupu, tunatazamana. Akaniuliza taratibu kama nina homa.

Kumbe kishikio kinafanya kazi kinyume! Chini ndiyo kasi yote.

Jumanne, 7 Mei
Dawa imepatikana. Rimoti ina swichi ndogo za kugeuza: moja ya mwendo, moja ya mabawa, moja ya mkia. Ilitakiwa nigeuze ya mwendo. Nimegeuza zote. Kwa usalama.

Uzito wa kutia puani nao nimeupata: bolti mbili za kitanda chetu. Ndege sasa imetulia sawasawa.

Jumatano, 8 Mei
Asubuhi mke wangu kaketi kitandani avae viatu. Upande mzima ukaporomoka! Yowe hilo, majirani wakaja mbio. Nimelaumu mbao za siku hizi.

Jumapili, 12 Mei
Mungu wangu! Ilipaa! Machozi yakanilenga. Nikaipeleka kulia, ikaenda kushoto. Nikakaza kulia, ikazidi kushoto, ikapinduka tumbo juu, ikaelekea kwenye viti vya wakwe. Shemeji akanijia mbio: "Lete rimoti!" Nikamwambia asubiri zamu yake. Tukavutana. Baba mkwe kasimama, kaganda, mdomo wazi. Shemeji akaniachia rimoti, akamrukia mzee, wakaanguka wote majanini. Ndege ikapita pale pale palipokuwa na kichwa cha mzee, ikamchana shemeji mkono. Damu! Na mimi bado nakaza kulia.

Shemeji kashonwa. Hatashika koleo la meno mpaka mkono upone. Baba mkwe kampeleka hospitali, mimi kaniacha uwanjani. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 13 Mei
Nimekwenda kumjulia hali shemeji. Bandeji mpaka kiwiko. Hakufoka! Kasema tu, "Shemeji, swichi ya mabawa uliigeuza. Tungeliona hilo mezani." Nimelia kweli kweli. Nimemwambia nimejifunza.

Nimerudi nyumbani, nimewaza mpaka kichwa kikauma. Kosa nimeliona: ndege ilikuwa ndogo mno, watu hawakuiona ikija. Nimeagiza kubwa, ya injini ya petroli. Hiyo wataiona mapema, wakimbie.