Walinzi Wasiowahi Kuona Moto

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Siku kubwa! Mzee Mutunga, mwenye jengo, ametuita wapangaji wote kwenye ngazi. Wiki jana nyaya za stima ziliungua ukutani hapo hapo. Moshi ukapanda hadi kanisani, orofa ya juu, na waumini wakadhani ni ishara. Sasa watu wa bima wamekasirika. Wanataka jengo liwe na walinzi wa moto, watu wa kuzunguka wakitafuta hatari mpaka nyaya zibadilishwe. Mkaguzi anakuja Jumamosi. Asipokuta walinzi wa kueleweka, duka lolote lenye vitu vya kushika moto litafungwa.

Mzee Mutunga hakutaja jina. Aliniangalia tu. Mimi hutengeneza sofa. Sponji, gundi, vanishi, maranda ya mbao: karakana yangu inangoja cheche tu. Nikifungiwa, sina pengine. Mtaa mzima huu wa Gatina hakuna atakayenipa tena chumba cha chini kinachotazama barabara.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Mwenyekiti wa wapangaji ni nani? Mimi, Wabwire! Kuchagua walinzi ni kazi yangu. Nekoye, fundi wa nguo wa orofa ya kwanza, ambaye ni katibu na bado hajanisamehe kumshinda kwenye uchaguzi, alisema eti tuchague pamoja. Nikamwambia tutashauriana. Sitashauriana.

Jumanne, 6 Agosti

Nimemwona mtu! Anaitwa Khamala. Alisikia habari akaja mwenyewe. Kofia nyekundu ngumu. Koti zito lenye mistari inayong'aa, na mgongoni maandishi ya lugha nisiyoijua. Filimbi ya shaba shingoni. Alipoipuliza, kuku wa jirani walirukia mabati, na mchoma mahindi akasimama wima kama wimbo wa taifa unaimbwa. Mwili wote ulinisisimka.

Nilimuuliza uzoefu wake. Uzoefu! Aliketi kwenye sofa ya mteja akanihadithia. Ghala la magunia: liliungua, alikuwapo. Duka la rangi: liliungua, alikuwapo. Bekari iliungua mara mbili, na mara zote mbili zamu ilikuwa yake. "Chairman," akasema, "moto inanijua." Kila jengo alilolinda limewaka, na hajakosa hata moto mmoja! Wengine hulinda maisha yao yote bila kubahatika.

Tena akaniambia kwamba mwenyekiti wa jengo hupewa kofia yake. Nyekundu hiyo hiyo. Tangu hapo sijapiga hata msumari mmoja.

Jumatano, 7 Agosti

Nekoye! Amesema ana watu wake, kikundi cha akina mama wa Soweto East, kule Kibera. Nisipoenda kuwaona, atamwambia Mzee Mutunga kwamba mwenyekiti amechagua kwa kutazama kofia. Nani alimwambia habari ya kofia? Nikaenda naye, kwa ajili ya amani.

Tulikatiza Soko la Toi. Kwenye kibanda kimoja cha mitumba nikaona kofia nyekundu zimening'inia, na makoti yenye maandishi yale yale mgongoni. Nilisimama nikastaajabu. Kumbe kampuni ya Khamala ni kubwa hivi, mpaka ina ghala Toi! Nikataka kumwonyesha Nekoye, lakini alikuwa ameinama anacheka, sijui kitu gani.

Kiongozi wa akina mama anaitwa Kasiva, mtu wa Kitui, mfupi, kitambaa kichwani, raba miguuni. Kofia hana. Filimbi hana. Wanalinda safu nzima ya maduka ya mbao na magodoro. Nikamuuliza wamezima mioto mingapi. Hakuna. Hata mdogo? Hakuna, tangu waanze, miaka mingi sasa. Nilimwonea huruma ya kweli. Miaka yote hiyo! Basi hufanya nini? Akasema wanazunguka, wananusa, wanagusa kuta kwa mgongo wa mkono, wanauliza watu nani amelala na jiko ndani. Yaani umbea.

Kisha akaniuliza mimi! Maranda yangu huyatupa wapi? Mkebe wa gundi huwa naufunika? Mbele ya Nekoye! Nikamkumbusha kwamba mwenye kuhoji ni mimi.

Njiani Nekoye akasema, "Si umeona? Hapo hakujawai chomeka kitu." Nikamwambia hiyo ndiyo shida. Fundi ambaye hajawahi kutengeneza sofa, ungempa sofa yako? Akaharakisha mwendo akaniacha nyuma. Hoja ilimlemea.

Nina mpango. Kesho, mtihani wa hadharani.

Alhamisi, 8 Agosti

Mpango ulikuwa hivi. Niwashe moto mdogo uani. Khamala auzime mbele ya Mzee Mutunga na wapangaji wote. Makofi. Kofia. Nilipanga mabaki ya sponji na maranda vizuri, rundo la kupendeza, karibu na ukuta wa karakana ili upepo usisumbue. Kasiva nilimwalika pia, yeye na wenzake wawili, ili washindwe watu wakiona.

Moto ukakataa! Njiti ya kwanza, fyuu. Ya pili, fyuu. Kumbe Kasiva alifika mapema, akalikuta rundo, akalisogeza mbali na ukuta na kulimwagia maji. Bila kuulizwa! Nikamuuliza ameona wapi mtu akizima moto ambao haujawaka. Akasema, "Kila siku." Watu walicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Nikaleta sponji kavu kutoka ndani. Nikairundika pale pale ukutani, kwa hasira. Juu yake nikamimina mkebe wa vanishi, ili mtu asidhani ninabania. Nikawasha.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Haukuwaka, uliruka! Moshi mweusi mzito ulipanda ukapita orofa zote tatu, na chini yake ndimi za moto zikaanza kuramba mbao za karakana yangu. Ulikuwa mzuri, Mungu anisamehe. Kwa muda nilisahau ukuta ni wa nani. Kisha nikakumbuka. Ndani ya chumba kile mna kila kitu nilicho nacho duniani. Niliogopa kama mtoto. Naandika hivi kwa sababu hakuna atakayesoma.

Khamala alipuliza filimbi. Aliipuliza ajabu, pumzi ndefu moja, huku akirudi nyuma. Akatoka langoni, akashika barabara, na tukaendelea kumsikia mpaka kule sokoni. Mapafu ya mtu yule!

Kasiva hakupiga kelele. Magunia yalikuwa tayari ndani ya pipa, yamelowa. Sikuwa nimeliona hata hilo pipa. Wakayashika pembe wakayatupa juu ya moto, moja baada ya jingine, na kuyakanyaga. Mukai, yule mwenzake mrefu, akamwaga mchanga pale vanishi ilipokuwa ikitiririka. Kasiva mwenyewe akaung'oa ubao uliokuwa ukifuka akautumbukiza kwenye pipa. Mimi bado nilikuwa natafuta neno la kupaza. Wakamaliza. Uani maji yanachuruzika tu. Nikamtazama yule mama mfupi, amejaa masizi, anakung'uta leso yake kama mtu aliyetoka kufagia, na nywele zikanisimama. Mzee Mutunga alivua kofia bila kujua amevua.

Lakini haki isemwe. Ule ndio ulikuwa moto wao wa kwanza. Nani amewapa uzoefu? Mimi.

Ijumaa, 9 Agosti

Balaa. Mzee Mutunga alikuja asubuhi, akautazama ukuta mweusi, akasema neno moja tu: "Fungasha." Nilimweleza kuhusu mtihani. Akasema nifungashe kabla mkaguzi hajafika. Nikamshika mkono. Nikamwambia kuhusu watoto wanaosoma kule Busia. Machozi yalinitoka, ya kweli, sikuyapanga.

Aliyeniokoa ni nani? Nekoye na Kasiva! Walikuwa wameitwa kukubaliana kazi. Nekoye akasema mimi ni mjinga lakini sofa zangu hazivunjiki. Kasiva naye akasema jambo la ajabu: kwamba huyu fundi akifukuzwa ataenda jengo jingine lisilo na walinzi, na watu wa huko hawajamkosea mtu. Sehemu ya mwisho sikuielewa vizuri, lakini niliona wazi kwamba anataka nibaki.

Mzee Mutunga akafikiri sana. Mwishowe akasema nitabaki kwa sharti moja: jengo zima litazungukiwa na akina mama, lakini mlango wangu utakuwa na mlinzi wake peke yake, kutwa nzima, kila siku. Mlango wangu! Peke yake!

Nekoye amechukua uenyekiti. Achukue. Kuna ngazi za juu zaidi.

Jumamosi, 10 Agosti

Mkaguzi amekuja. Akaangalia mapipa, mchanga, magunia, akazungumza na Kasiva kwa heshima. Alipofika kwangu akaona ukuta ulioungua, uso ukabadilika. Kasiva akamwonyesha Mukai, ameketi kwenye kigoda mlangoni kwangu na ndoo ya mchanga miguuni. Mkaguzi akamtazama Mukai, akanitazama mimi, akatikisa kichwa polepole. Nimewahi kuona watu wakitikisa vichwa hivyo mbele ya mtu mkubwa. Tumepita! Karakana haifungwi!

Nilikaa kwenye maranda nikalia tena. Mukai akaniambia niinuke, niyafagie.

Jumatano, 14 Agosti

Sijui nianze wapi. Jengo zima, hakuna mwingine mwenye mlinzi wake. Si Nekoye. Si mhubiri wa juu. Mimi tu. Wateja wanaingia, wanamwona Mukai, wanauliza kwa sauti ya chini mimi ni nani hasa. Nawajibu kwamba ni mambo ya bima, siruhusiwi kueleza.

Nimegundua jambo. Walinzi wa wakubwa niliowahi kuwaona hutazama nje, watu wanapotokea. Wangu amegeuza kigoda. Anatazama ndani. Macho hayabanduki mikononi mwangu, tangu nifungue hadi nifunge. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini. Nikamwambia ni kwa sababu chenye thamani kiko ndani.

Na leo, kubwa kuliko yote. Nilichukua kiberiti, nilitaka kuwasha jiko la chai tu. Mukai akasimama! Mzima mzima, wima, mikono ubavuni. Katika maisha yangu yote, hakuna mtu aliyewahi kuniinukia kwa heshima. Nikakiweka chini, akaketi. Nikakichukua tena. Akasimama tena!

Nimekishika mchana kutwa.