Tuzo ya Tausi Mweusi

Alonzo Treadwell alikuwa hajafika nusu ya sahani yake ya uji mzito na kamba wa kukaanga aliposikia mlango wa riziki ukifunguka kwenye meza ya jirani.

Ilikuwa mwaka 1986, mtaa wa Crenshaw, Los Angeles, asubuhi ya pili baada ya kutangazwa majina ya wanaowania tuzo zetu kubwa, zile tunazopeana sisi watu weusi na ndugu zetu wa rangi nyingine kwa filamu, nyimbo na vitabu, kwa kuwa Wazungu wenye tuzo zao kule vilimani walikuwa hawatuoni hata tukipanda juu ya kiti. Kila mwaka wachache hushangilia, na mji mzima uliobaki hununa.

Walionuna asubuhi hiyo walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Percival Hollins, daktari wa meno, aliyechapisha kwa gharama yake riwaya ya kurasa mia tisa kuhusu ukoo wa Hollins. Mwenzake, Velma Crutchfield, alikuwa mwenye saluni aliyetoa santuri ya nyimbo za mapenzi. Santuri hiyo iliuzwa palepale saluni, na mteja aliyekataa kuinunua aliachwa na dawa kichwani mpaka abadili mawazo.

"Hata jina langu hawakulitaja, Velma," Daktari alilalamika. "Hata kwa kulikosea!"

"Afadhali wewe. Mimi nilishashonesha gauni."

Treadwell akajifuta mdomo. Alikuwa mrefu, mtanashati, suti yake rangi ya maziwa, nywele zimekolea mafuta kiasi kwamba kila ukuta alioegemea ulibaki na ushahidi. Alikwishawahi kuuza viwanja kando ya ziwa lisilokuwepo, na sabuni iliyobarikiwa na askofu ambaye mama yake hajamzaa. Lakini ziwa na sabuni ni lazima umshawishi mtu kwamba anavihitaji. Hawa wawili walikwisha kujishawishi wenyewe. Kilichokosekana ni muuzaji tu.

"Samahani, ndugu zangu," alisema akiinamia meza yao. "Masikio yangu hayana adabu. Nimesikia jina Hollins. Si yule wa kile kitabu?"

Daktari akakaa wima. "Umekisoma?"

"Nimekisoma? Bwana, kile kitabu kimenisoma mimi."

Akavuta kiti bila kukaribishwa. Alijitambulisha kuwa katibu wa Tuzo ya Tausi Mweusi, chama kipya cha kuwaenzi wale ambao wakubwa wamewapita bila kuwatazama. Velma alipoinuka kwenda msalani, akamnong'oneza Daktari: "Sina ruhusa ya kusema, lakini jopo limekwisha kaa. Msanii wa Mwaka ni wewe. Mdomo wako uwe kaburi, hata huyu dada asijue." Daktari alipoenda kulipa, akamnong'oneza Velma maneno hayohayo, akabadilisha "huyu dada" kuwa "huyu kaka". Sharti lilikuwa moja: mshindi ajaze meza mbili za jamaa na marafiki, na picha yake ichukue ukurasa mzima katika kijitabu cha sherehe. Gharama ni za mshindi.

"Gharama si neno," alisema Daktari.

"Nichukue na ukurasa wa nyuma," alisema Velma.

Haukupita mwezi, Los Angeles ikawa na Wasanii wa Mwaka wa kutosha kujaza basi, kila mmoja akitembea barabarani kwa tabasamu la mtu mwenye siri. Treadwell alikuwa na mkoba wa kijani uliokuwa ukinenepa kila wiki, na mpango mwepesi: siku ya sherehe, wakati watu wanatazama jukwaani, yeye angepita jikoni, gari, barabara ya jangwani, Las Vegas. Alipungukiwa na kitu kimoja, yaani uso wa kuaminika. Watu walianza kuuliza nani mwingine atakuwepo.

Ndipo alipobisha hodi kwa Bi Odessa Pettibone.

Hakuna mweusi Marekani nzima asiyeujua uso wa Bi Odessa, na ni wachache wanaolijua jina lake. Kwa miaka karibu hamsini aliwafungulia Wazungu milango katika filamu, akasema "Chakula tayari, bibi," akafunga mlango. Filamu ikiisha, majina yalipanda kwenye pazia, ya mpiga picha, ya mwenye farasi, na wakati mwingine hata ya farasi mwenyewe. La kwake halikupanda. Sasa alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, akiishi ghorofa ya kwanza na kasuku asiyesema.

Treadwell alimpelekea pai ya viazi vitamu, na habari kwamba amechaguliwa kupewa tuzo ya heshima. Bi Odessa aliila taratibu, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nani kanichagua?" aliuliza.

"Jopo, Bi Odessa. Watu wazima, wenye hekima."

"Hilo jopo lina miguu mingapi?"

"Sikukuelewa, bibi."

"Maana miye naona miwili tu, na imevaa viatu vya ngozi ya mamba."

Treadwell akabaki kinywa wazi.

"Funga mdomo, mwanangu, nzi wataingia," alisema yule bikizee. "Sijakataa. Nina masharti. Tuzo yangu iwe ya shaba, nzito, ya kumvunja mtu kidole ikimdondokea. Zitengenezwe mbili, moja ya akiba. Na shoga yangu Lurline asaidie jikoni, anakufa kwa kukaa bure."

"Ni hayo tu?"

"Na mimi ndiye nitakayeshika kipaza sauti. Nimenyamaza vya kutosha."

Treadwell aliondoka akipiga mluzi. Moyoni alijisemea kuwa uzee ni kitu kizuri, humfanya mtu aridhike na shaba. Msomaji amsamehe, wajanja wengi ni wasomi wa kila kitu isipokuwa mtu aliye mbele yao.

Sherehe ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Ukumbi ulifurika. Kulikuwa na kofia za kanisani pana kama miavuli, kambare wa kukaanga, sukumawiki zilizopikwa na mifupa ya nguruwe, mkate wa mahindi, na bendi iliyopiga kana kwamba imelipwa. Velma alivaa lile gauni. Daktari Hollins alikuwa na hotuba katika kila mfuko, asije akasahau alikoiweka.

Bi Odessa alipopanda jukwaani, watu walisimama wote. Treadwell akaanza kurudi kinyumenyume, mkoba kwapani, mpaka mgongo ukagusa mlango wa jikoni. Humo alikuwemo Lurline, bibi mwembamba mwenye aproni, akipangusa sahani. Katika ujana wake Lurline ndiye aliyeanguka kutoka kwenye farasi badala ya mastaa wa kike, na bado alikuwa na mikono kama ya fundi wa chuma.

"Kabla sijachukua changu," sauti ya Bi Odessa ilisikika kwenye vipaza sauti, "ipo tuzo moja haimo kwenye kijitabu. Mwigizaji Bora."

Treadwell alikwisha kushika kitasa cha mlango wa nje.

"Nimefanya kazi na waigizaji wakubwa. Wengine nimewafulia. Lakini sijaona mtu aliyeshika nafasi yake bila kuteleza hata neno, asubuhi mpaka jioni, bila mwelekezaji, bila hata mtu wa kumpaka poda, kama kijana huyu. Alikuja Los Angeles toka Shreveport akitaka kuigiza, wakamwambia hana sura. Ninyi mmemwona anavyofanya kazi. Sijui kama mmemwona vizuri, lakini mmemwona. Alonzo Treadwell, njoo hapa, mwanangu!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Habari za Shreveport alidhani hakumwambia mtu. Baadaye alikumbuka kwamba alimwambia Bi Odessa mwenyewe, siku ile ya pai, alipoulizwa tu "Kwenu wapi?" na jibu likawa refu kuliko alivyokusudia. Sasa miguu ilikuwa inaelekea garini na moyo unaelekea jukwaani, naye katikati kama kitambaa kinachogombewa. Tangu azaliwe, watu walikuwa wamemlipa, wamemlaani, wamemkimbiza kwa mbwa. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

"Nenda, mwanangu," alisema Lurline. "Nitakushikia huo mkoba. Utapandaje jukwaani na mzigo, kama mtu anayesafiri?"

Akampa. Mtu aliyeishi mjini kwa ulimi wake miaka ishirini, akaingizwa mjini na bibi mwenye kitambaa cha kupangusia sahani.

Shaba ilikuwa nzito kweli. Aliposhika kipaza sauti alitaka kusema asante tu ashuke, lakini machozi yalimtangulia, nayo hayakuwa ya kuigiza, ndiyo maana hakujua namna ya kuyazuia. Akamshukuru mama yake. Akamshukuru mwalimu wa shule ya Jumapili aliyempa nafasi ya punda katika igizo la Krismasi. Watu walilia naye. Bi Odessa akamkumbatia, akamnong'oneza sikioni:

"Umefanya vizuri. Sasa watangazie Msanii wao wa Mwaka."

Bikizee akashuka ngazi taratibu, tuzo yake kifuani, akapita jikoni. Treadwell akasikia mlango wa nje ukifungwa, na mngurumo wa gari alioufahamu fika, kwa kuwa lilikuwa lake, na ufunguo ulikuwa mkobani.

Akageuka kuwatazama watu. Washindi, kila mmoja kwenye meza yake, walikuwa wamenyanyuka nusu, makalio hewani, tabasamu tayari.

"Msanii wa Mwaka..." alianza Treadwell, akajifuta jasho, "ni..."

Walisimama wote kwa pamoja.

"Kaa chini, Velma," alisema Daktari Hollins. "Ni mimi."

"Wewe? Umeimba nini wewe, zaidi ya kuwaimbisha watu kwenye kiti cha kung'oa meno?"

"Jopo!" alipaza sauti Treadwell. "Jopo limeshindwa kuchagua! Mwaka huu ni ninyi nyote!"

Wakapanda wote. Kila mmoja alisoma hotuba yake, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kusubiri, zilisomwa kwa wakati mmoja. Tuzo pekee iliyokuwepo ni ile ya mkononi mwa Treadwell, yenye umbo la tausi. Daktari aliivuta kichwa, Velma aliivuta mkia, na ilipomtoka Treadwell mkononi, alihisi uchungu ambao mkoba wote haukumtia.

Alimtafuta Bi Odessa wiki nzima. Kwenye ghorofa hakuwepo. Alikuwepo kasuku tu, akilishwa na jirani. Mwisho akaliona gari lake limeegeshwa mbele ya jumba la zamani la sinema, mtaa wa tatu kutoka ule mgahawa alimokutana na Daktari na Velma.

Akaingia kwa hasira. Jumba lilikuwa limejaa wazee. Walikuwemo wacheza dansi wa nyuma ya mastaa, na waigizaji wa nafasi za wabeba mizigo na mayaya. Alikuwemo Bwana Wing, Mchina aliyekufa vitani katika filamu nyingi kuliko wanajeshi wa kweli, na Bi Consuelo, Mmeksiko aliyeolewa na maharamia wengi na hakupewa neno la kusema. Fundi wa sinema alikuwa amekata vipande vya filamu walimoonekana na kuviunga. Kila kipande kilipopita, Bi Odessa alisoma jina kwenye kipaza sauti, na mwenye jina akasimama. Wengine walisaidiwa kusimama. Daktari na Velma walikuwa safu ya mbele wakipiga makofi. Walikuwa wamealikwa kama wafadhili wakuu, cheo walichokipenda kuliko kile cha kwanza.

Treadwell alingoja taa ziwashwe.

"Hela yangu iko wapi, Bi Odessa?"

"Ipi? Uliifanyia kazi gani? Niambie, halafu tumwite na polisi umwambie." Akamwonyesha meza ya chakula. "Imelipa jumba, imelipa fundi, imelipa na hao kambare. Kula, umekonda."

Alitaka kugomba. Lakini Bwana Wing alikuwa amekuja kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Katibu," alisema, "miaka arobaini nimekuwa maiti. Leo wameniona nimesimama."

Treadwell akaiendea meza ya chakula. Alichukua sahani, akakaa.

"Wanataka tena mwakani," alisema Bi Odessa, akikaa kando yake. "Tausi yupo kweli sasa, na anahitaji katibu mwenye ulimi. Matajiri wa mji huu hawatoi kitu bila kubembelezwa."

"Mshahara je?"

"Hakuna."

Treadwell alitafuna kambare kwa muda mrefu, akiwatazama wale wazee wakirudia rudia majina yao kwa wenzao, kwa sauti, kama watu wanaofundishwa upya. Kisha akanyoosha kola.

"Basi mwakani," alisema, "tuanze na yule mwenye benki pale Wilshire. Nasikia anaandika mashairi."